Wakubwa wanagombea shaba, sisi tunagombea nini?

Tarehe 4 Desemba 2024, zikiwa zimebaki wiki chache akabidhi madaraka, Rais Joe Biden wa Marekani alikuwa Lobito, mji wa bandari katika pwani ya Angola. Kabla yake hakuna rais wa Marekani aliyewahi kuizuru Angola akiwa madarakani. Alikaa meza moja na João Lourenço wa Angola, Hakainde Hichilema wa Zambia na Félix Tshisekedi wa Kongo. Tanzania iliwakilishwa na Makamu wa Rais wa wakati huo, Dk. Philip Mpango. Kilichowakutanisha ni reli: kilomita 1,344 kutoka Lobito hadi Luau, mpakani na Kongo, kisha mbele zaidi hadi Kolwezi kwenye shaba na kobalti.

Miezi mitatu kabla ya hapo, Hichilema huyohuyo alikuwa Beijing pamoja na Rais Samia Suluhu Hassan. Huko, mbele ya Xi Jinping, ilitiwa saini hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA, reli inayoichukua shaba ya ukanda huohuo na kuiteremsha hadi Dar es Salaam. Mmoja anaivuta shaba kwenda Atlantiki, mwingine anaivuta kuja Bahari ya Hindi.

Vijiweni, na mara nyingine hata magazetini, mjadala wa jambo hili hugeuka upesi kuwa wa Simba na Yanga: nani bora kwetu, Mchina au Mmarekani? Nami nina maoni yangu kuhusu kila mmoja wao, na nitayasema. Lakini ushabiki huo unatusahaulisha kuuliza wanachokitaka kutoka kwetu, na kama bei yake tunaijua.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1964 Benki ya Dunia ilisema reli ya kuunganisha Zambia na Dar es Salaam haitalipa. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia wakajitangazia uhuru wao, na Zambia, ambayo shaba yake ilikuwa ikipita kusini, ikajikuta imekabwa koo. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kwenda Beijing mwezi Februari mwaka huohuo na kurudi na ahadi. Kenneth Kaunda wa Zambia alisitasita. Aliuogopa ukomunisti, akaendelea kubisha hodi kwa nchi za Magharibi. Hata pale wataalamu wa Uingereza walipoandika mwaka 1966 kwamba reli hiyo inawezekana, fedha hazikutoka. Septemba 1967 Tanzania na Zambia zikasaini na China.

Masharti yalikuwa mkopo wa yuan milioni 988 usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Mkopeshaji mwenyewe alikuwa maskini, tena katikati ya misukosuko ya Mapinduzi ya Utamaduni. Ujenzi ulianza Oktoba 1970 na reli ikakabidhiwa Julai 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi. Anayetaka kujua kazi ilivyokuwa na apande treni apite kati ya Mlimba na Makambako, reli inapoliacha bonde la Kilombero na kuanza kupanda milima. Mahandaki yanafuatana na madaraja, daraja moja likiisha handaki linaanza. Wachina waliofia kazini wamezikwa Gongo la Mboto, nje kidogo ya Dar es Salaam, kwenye makaburi yaliyopangwa kwa safu, na maofisa wa ubalozi wao huenda kuweka maua hadi leo.

Gharama za ndani, yaani mishahara ya vibarua na manunuzi ya hapa nchini, zililipwa kwa utaratibu wa pekee. China ilileta bidhaa zake, zikauzwa madukani, na pesa iliyopatikana ikaingia kwenye reli. Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam au Lusaka aliyenunua bidhaa ya Kichina miaka ile alikuwa anachangia ujenzi, ajue asijue. Reli ilipokamilika, wakulima wa Kilombero waliitumia kwa namna ambayo haikuwa kwenye michoro ya Beijing. Walipakia mpunga na ndizi kwenye treni fupi ya kienyeji waliyoiita Kipisi, na vituo vidogo vikageuka masoko.

Marekani nayo haikukaa pembeni kutazama. Fedha zake zilijenga sehemu kubwa ya barabara ya TANZAM, inayokwenda sambamba na reli hiyo kwa mwendo mrefu. Waitaliano walikuwa wamekwisha kulaza bomba la mafuta la TAZAMA, lililokamilika mwaka 1968. Hebu tuhesabu: bomba, barabara na reli, kutoka pande tatu za dunia, katika muda wa takriban miaka kumi. Nchi mbili maskini zilizokuwa na umri mdogo kuliko wengi wa wasomaji wa makala hii zilipata njia tatu za kwenda baharini. Zilifanikiwa kwa sababu zilikwenda kuomba zikiwa zimeshajua zinachokitaka: njia ya kutokea isiyopita mikononi mwa makaburu na walowezi. Atakayeijenga, na awe nani, lilikuwa swali la pili.

Msimamo huo haukuwa wa bure, na tusiupambe. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilipoondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu Ujerumani Mashariki iliruhusiwa kuwa na ofisi nchini, Mwalimu aliwaambia wachukue na misaada iliyobaki. Desemba mwaka huohuo Tanzania ikavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukaota mbawa. Shule na zahanati ambazo zingejengwa kwa fedha zile hazikujengwa. Mimi naamini uamuzi ulikuwa sahihi, lakini aliyekosa zahanati ana haki ya kutokubaliana nami.

Wakubwa wa enzi ile walikuwa wanatafuta nini kwetu? Walitafuta kura na upande. Oktoba 1971 Umoja wa Mataifa ulipopiga kura ya kuirudishia China ya Beijing kiti chake, nchi 76 ziliunga mkono na 35 zikapinga, na 26 kati ya hizo 76 zilikuwa za Afrika. Balozi wetu kijana, Salim Ahmed Salim, alikuwa miongoni mwa walioshangilia waziwazi ukumbini. Miaka kumi baadaye, mwaka 1981, Salim aligombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa. Marekani ilimpigia kura ya turufu duru baada ya duru; China nayo ikamzuia Kurt Waldheim wa Austria mara 16. Mwishowe wote wawili wakakosa na kiti kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Sina mfano bora zaidi wa kuonyesha tofauti ya wakubwa hawa wawili wakati ule. Mmoja aliweka kumbukumbu ya aliyemsaidia, mwingine akaweka kumbukumbu ya aliyemuudhi.

Haitoshi kusema China inajenga na Marekani inahubiri. Marekani imejenga, tena kwetu. Februari 2008 Rais George W. Bush alikuja Dar es Salaam na kusaini na Rais Jakaya Kikwete mkataba wa Shirika la Changamoto za Milenia, MCC, wa dola milioni 698. Barabara ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga ni ya fedha zile. Waya wa umeme uliopita chini ya bahari kwenda Unguja ni wa fedha zile. Ni wasafiri wangapi wa Rukwa wanaojua? Reli ya Wachina kila mtu anajua ni ya Wachina. Barabara ya Wamarekani ni barabara tu.

Halafu yakaja masharti. Uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 2015 ulifutwa, ukarudiwa Machi 2016 wapinzani wakiwa wamesusia, na MCC ikasimamisha mkataba wa pili uliokuwa wa dola milioni 472 hivi. Walitaja pia sheria ya makosa ya mtandao. Walikuwa na haki ya kusema waliyoyasema, kwani uchaguzi ule ulifutwa kwa namna ambayo hadi leo haijaelezwa ikaeleweka. Tatizo la masharti ya Marekani ni kwamba hayapimwi kwa kipimo kimoja. Nchi yenye kambi ya jeshi lake au yenye mafuta husamehewa makubwa kuliko ya Zanzibar, na wananchi wanaliona hilo.

China inasema haiingilii mambo ya ndani ya wengine. Sikubaliani nayo. Pale Kibaha ipo Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyofunguliwa Februari 2022, iliyojengwa kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China kwa ajili ya vyama sita vya ukombozi vilivyoko madarakani au vilivyotawala muda mrefu: CCM, ANC, FRELIMO, MPLA, SWAPO na ZANU-PF. Ukiwafundisha makada wa chama tawala namna ya kuongoza dola, na wapinzani wao ukawaacha nje ya geti, umekwisha kuingilia. Unaingilia kwa upole, na kwa upande wa mwenye nyumba.

Katika lugha na burudani mashindano ni ya zamani. Redio Beijing ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1961, BBC ikiwa imetangulia tangu 1957, na kizazi kizima cha Afrika Mashariki kilijifunza habari za dunia kwa kuzungusha kitufe cha masafa mafupi. Mwaka 2011 tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ilirushwa na TBC kwa sauti za Kiswahili, na Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba yake. Machi 2025, kwa amri iliyotoka Washington, wafanyakazi wa Sauti ya Amerika walipelekwa likizo ya lazima, na idhaa ya Kiswahili ikanyamaza. Msikilizaji wa Bukavu au Kigoma hakuambiwa kwa nini.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti iliyo kubwa kuliko zote. Ushawishi wa Marekani kwetu ulikuwa mkubwa kuliko wa yeyote mahali ambapo hapapigwi picha: kliniki ya tiba na matunzo, CTC, katika hospitali ya wilaya. Tangu mwaka 2003, kupitia mpango wa PEPFAR, fedha za Marekani zilinunua dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, zikalipa wahudumu wa kuwafuatilia wagonjwa majumbani, wapimaji wa maabara na waingizaji wa takwimu. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zilikuwamo tangu mwanzo. Sijui reli wala daraja lolote lililowabakiza watu wengi namna hiyo wakiwa hai, na nasema hivi bila kupunguza heshima ya waliolala Gongo la Mboto.

Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Baada ya siku chache dawa za kuokoa maisha zilipewa ruhusa ya kuendelea, lakini watu waliokuwa wakizifikisha walikwisha kupokea barua za kusimamishwa kazi. Fikiria mama anayefika CTC tarehe yake ya kuchukua dawa, akakuta dirisha liko wazi, dawa zipo, ila yule muuguzi msaidizi anayelijua faili lake na anayempigia simu asipofika hayupo. Julai 1, 2025 USAID, shirika lililoanzishwa na Rais Kennedy mwaka 1961, likafungwa rasmi. Miaka 64 ya kujenga imani ikavunjwa ndani ya miezi sita. Aliyeivunja hakutuuliza, lakini nasi tuna la kujibu: ilikuwaje dawa za watu wetu zikategemea saini ya mtu mmoja tusiyempigia kura?

Urusi nitaigusa tu. Yenyewe inauza silaha, walinzi wa marais na kumbukumbu ya wanafunzi wetu waliosomeshwa Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba tangu 1960. Mali na Jamhuri ya Afrika ya Kati zimeinunua bidhaa hiyo na amani bado haijaonekana. Nchi za Ghuba zinatafuta bandari, na Watanzania hatuhitaji kusimuliwa mjadala wa DP World wa mwaka 2023 ulivyotugawa.

Turudi kwenye reli zetu mbili. Septemba 2025 TAZARA ilikodishwa kwa kampuni ya China, CCECC, kwa miaka 30, ikitarajiwa kuwekeza dola bilioni 1.4. Kampuni hii ilitokana na idara ya misaada ya nje ya wizara ya reli ya China, idara ileile iliyoijenga TAZARA. Ndugu wa 1970 amerudi akiwa mwekezaji, na fedha yake itarudi kwa kuendesha treni na kutoza shehena. Si kosa lake. Reli iliyojengwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka tuliiendesha wenyewe mpaka mwaka 2014/15 ikashindwa kufikisha tani laki moja, huku malori yakipanga foleni Tunduma.

Kule Lobito, reli imekabidhiwa kwa miaka 30 kwa muungano wa kampuni za Trafigura, Mota-Engil ya Ureno na Vecturis ya Ubelgiji, na shirika la fedha za maendeleo la Marekani, DFC, likaahidi mkopo wa dola milioni 553. Lakini reli ileile ilijengwa upya na kampuni ya China kati ya 2006 na 2014, baada ya vita vya Angola kuiacha magofu. Na Mota-Engil yenyewe, karibu theluthi moja ya hisa zake inamilikiwa na kampuni ya serikali ya China, CCCC. Kwa hiyo wanaotuambia tuchague upande wao wameshafanya biashara pamoja. Migodi iko hivyohivyo: Tenke Fungurume, moja ya migodi mikubwa ya shaba na kobalti duniani, ilikuwa mikononi mwa Freeport-McMoRan ya Marekani hadi 2016, ilipouza hisa zake kwa CMOC ya China kwa dola bilioni 2.65. Marekani ile inayotafuta njia ya kuifikia kobalti leo ndiyo iliyoiuza jana.

Enzi za Mwalimu tulichokuwa nacho ni kura na msimamo, vitu ambavyo unaweza kuvitoa leo, kesho ukavizuia, na keshokutwa bado ni vyako. Leo wanataka mawe. Jiwe likishapanda behewa halirudi. Ndiyo maana mkataba wa reli ya leo unahitaji macho makali kuliko ule wa 1967.

Kongo imetuonyesha kwamba mwenye jiwe ana nguvu akiamua. Nchi hiyo hutoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Februari 2025 ilisimamisha usafirishaji wote wa madini hayo, bei ikapanda, na tangu Oktoba 2025 imeweka mgawo: tani 96,600 kwa mwaka, kwa mwaka 2026 na 2027. Haikuomba ruhusa Beijing wala Washington. Lakini Kongo hiyohiyo imetuonyesha pia mwisho wa nguvu hiyo. Desemba 4, 2025 Tshisekedi na Paul Kagame wa Rwanda walisaini makubaliano ya amani mbele ya Trump, sambamba na ushirikiano wa madini kati ya Kongo na Marekani. Siku chache baadaye waasi wa M23 waliingia Uvira, na wakimbizi wakavuka kwenda Burundi. Marekani ilipewa madini, ulinzi haukuja.

Muda mfupi kabla ya hapo, Novemba 2025, Waziri Mkuu wa China Li Qiang alikuwa Zambia kuzindua ukarabati wa TAZARA, na mwezi uliofuata Washington ikatangaza kuupitia upya uhusiano wake na Tanzania kufuatia umwagaji damu wa uchaguzi wa Oktoba. Kila mmoja ametuonyesha tabia yake. Atakayetuuliza kuhusu waliouawa hana reli ya kutupa, na mwenye reli hatatuuliza. Haki za watu wetu hazitaletwa na meli yoyote, tutazidai wenyewe.

Tena kuna jambo ambalo Wakenya wamekwisha kulilipia. Mkopo wa China wa reli ya SGR kutoka Mombasa ulisainiwa mwaka 2014, na wananchi walikaa miaka minane bila kuona karatasi, mpaka Novemba 2022 serikali mpya ilipotoa sehemu ya nyaraka. Ndipo wakaona kwamba migogoro ingeamuliwa China. Deni lilikuwa limeanza kulipwa zamani.

Kwa hiyo nina maombi kwa wabunge wa Dodoma na wenzao wa Lusaka. Mkataba wa TAZARA na CCECC uwekwe hadharani wote, kwa Kiswahili na Kiingereza, pamoja na viambatisho vyake. Tujue nauli za mizigo zitapangwa na nani, Kipisi ya wakulima wa Kilombero ina nafasi gani kwenye ratiba, mafundi wa Mbeya na Mpika watafundishwa nini, na reli itarudishwa katika hali gani miaka 30 ikiisha. Na kabla ya safari nyingine ya Beijing au Washington, Tanzania, Zambia, Kongo na Angola zikae zenyewe, bila mgeni, zikubaliane ni kiasi gani cha shaba kitasafishwa hapahapa kabla ya kupakiwa. Hilo hakuna mkubwa atakayetuombea.